Tuwafundishe Watoto Jua na Sayari kwa Ngoma

Mfanyakazi yeyote aliyewahi kuvuta kamba ya jahazi, au kupakua magunia gatini, au kutwanga kinuni kwa zamu na mwenzake, anajua ya kuwa wimbo si mchezo. Wimbo ni chombo cha kazi, kama jembe na nyundo. Watu ishirini wasiokuwa na wimbo huvuta kila mmoja kwa wakati wake, na mzigo haupandi. Lakini mmoja akiisha kutoa sauti na wenzake wakamwitikia, nguvu zao huwa nguvu moja. Wimbo ndio unaowagawia wakati. Na tukitazama kwa makini tutaona ya kuwa Jua na sayari zake nazo ni mambo ya wakati uliogawiwa. Kila sayari ina njia yake, ina mwendo wake, na ina muda wake wa kurudi pale ilipoanzia. Je, ni ajabu basi kusema kwamba mtoto aweza kufundishwa elimu ya anga kwa ngoma, na kwa miguu yake mwenyewe?

Sisi twasema si ajabu. Tena twasema zaidi ya hayo: kwa shule zetu nyingi, hasa zile za vijijini na za mitaa wanakokaa wafanyakazi, hiyo ndiyo njia ya kweli kuliko picha iliyo ubaoni. Twaomba ndugu wasomaji watuvumilie tueleze kwa nini, kwani jambo hili halihusu mchezo wa watoto peke yake. Linahusu swali la nani mwenye haki ya kuielewa sayansi.

Tuanze na picha hiyo ya ubaoni. Mwalimu huchora Jua kubwa upande mmoja, akachora duara nane zilizokaribiana kama shanga uzini, na chini ya kila moja akaandika jina. Watoto huimba majina hayo mara kumi, kisha hunakili, kisha hujibu mtihani. Hatumlaumu mwalimu, maana ubao ni mfupi na darasa limejaa. Walakini picha ile yadanganya. Yadanganya juu ya umbali, yadanganya juu ya ukubwa, tena haisemi neno lolote juu ya mwendo. Mtoto hutoka darasani akidhani sayari zimepangwa foleni, zimesimama kimya, kila moja jirani na mwenziwe.

Na wimbo usiobeba kitu ila majina tu, huo nao ni kasuku. Watoto waliosoma kabla ya mwaka 2006 walikariri sayari tisa. Agosti mwaka ule wataalamu wa Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Anga walikutana mjini Prague, wakakata shauri kuwa Pluto ihesabiwe katika kundi la sayari kibete, kwa sababu haikuisafisha njia yake. Inazungukwa na vipande vingi vinavyofanana nayo huko mbali iliko. Aliyekuwa na majina tu alibaki akiuliza, "Nani kaifuta?" Aliyekuwa na maana aliifahamu sababu, akaendelea na safari. Basi tunaposema tufundishe kwa wimbo, hatusemi turudi kwenye kukariri. Twasema wimbo ubebe hesabu, na mwili ubebe sababu.

Kabla ya kwenda uwanjani yafaa tukubaliane juu ya majina. Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ya zamani yaliyotujia kutoka Kiarabu, wakati manahodha wa pwani walipokuwa wakizisoma nyota ili wafike salama bandarini. Na wakulima wetu nao walikuwa na Kilimia, lile kundi la nyota lililowapa habari za majira ya kulima. Uranusi na Neptuni hazina majina ya kale, kwani Uranusi ilitambuliwa kuwa sayari mwaka 1781 na Neptuni mwaka 1846, kwa msaada wa darubini. Mwalimu atakuta vitabu vinavyotofautiana katika majina haya. Basi na achague orodha moja, aishike, asiwachanganye watoto. Sisi hapa twatumia hii: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni.

Sasa twende uwanjani. Vitu vinavyotakiwa ni hivi: ndimu ndogo moja, kamba ndefu, majivu au chokaa ya kuchorea, na ngoma. Kama ngoma haipo, debe lafaa. Hakuna kitu hapo kinachongojewa kutoka ng'ambo, wala hakuna kinachohitaji umeme.

Somo la kwanza ni la umbali. Mwalimu aiweke ndimu ile golini, katika uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100 hivi. Ndimu hiyo, upana wake usiofika sentimita 3, ndiyo Jua. Kisha tukubaliane kuwa kila mita 3 za uwanja ni umbali wa kutoka Jua hadi Dunia, yaani kilomita milioni 150 kwa kukadiria. Basi Utaridi atasimama mita 1.2 kutoka kwenye ndimu, Zuhura mita 2.2, Dunia mita 3, na Mirihi mita 4.6. Hawa wanne wamesongamana karibu na goli kama ndugu wanaoota moto. Halafu watoto wataona kioja: Mshtarii yuko mita 15 na nusu, Zohali mita 28 na nusu, Uranusi amekwisha pita katikati ya uwanja, mita 58, na Neptuni amesimama mita 90, karibu na goli la pili, hata kumwita ni lazima upaze sauti.

Na Dunia yetu ina ukubwa gani kwa kipimo hicho hicho? Ni chembe ya mchanga, tena mchanga mwembamba, robo ya milimita. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote, haizidi punje ndogo ya mtama. Mtoto aliyeshika chembe ile katika ncha ya kidole chake, huku anaitazama ndimu iliyo mbele yake na mwenzake aliye golini kule, amekwisha kujifunza jambo ambalo ubao hauwezi kulisema hata ungekuwa na urefu wa ukuta mzima. Na akiuliza nyota iliyo jirani na Jua letu iko wapi, ajibiwe ya kuwa kwa kipimo hicho iko mbali karibu kilomita 800, kama mtu anayesafiri kwa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya.

Somo la pili ni la mwendo, na hapa ndipo ngoma inapoingia. Ndimu ihamishwe katikati ya uwanja. Kwa kamba iliyofungwa mafundo, watoto wachore duara za njia ya kila sayari kwa vipimo vile vile. Uwanja wa kawaida watosha kuchora hadi njia ya Zohali. Mpiga ngoma apige mapigo mawili kwa kila sekunde, asiharakishe wala asichelewe. Sheria ni moja: kila mtoto aimalize duara yake kwa hesabu ya mapigo aliyopewa. Utaridi ana mapigo 8. Zuhura ana 20. Dunia ana 32. Mirihi ana 60. Mshtarii ana 380, na Zohali ana 942. Wote waelekee upande mmoja, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kama sayari zote zinavyokwenda ukizitazama kutoka juu ya ncha ya kaskazini.

Hesabu hizi hatukuzibuni ili zipendeze. Dunia hulizunguka Jua kwa siku 365 na robo. Utaridi huchukua siku 88, Zuhura siku 225, Mirihi siku 687, Mshtarii karibu miaka 12, na Zohali miaka 29 na nusu. Tumeugawa mwaka wa Dunia katika mapigo 32, na wengine wakapewa sehemu yao kwa haki. Ngoma hapa ni mizani.

Angalieni sasa litakalotokea. Mtoto aliye Dunia atatembea hatua za kawaida, sentimita 60 hivi kwa kila pigo. Mtoto aliye Utaridi ataruka hatua za sentimita 90 na zaidi, jasho likimtoka, na bado ataogopa kuchelewa. Mirihi atajikuta anapunguza hatua hata nusu mita. Mshtarii ataweka unyayo mbele ya unyayo, na Zohali atasogea kwa upana wa shibiri ya mtoto tu. Hakuna aliyewaambia waende mbio au waende pole. Ngoma ni moja, mapigo ni yale yale; njia ndiyo iliyowaamuru. Mwisho wa ngoma mwalimu aulize: "Nani amechoka?" Atajibiwa na Utaridi. "Nani hakuchoka?" Atajibiwa na Zohali. Basi na awaambie kwamba wamegundua kwa miguu yao jambo alilolipigania Johannes Kepler miaka mingi kwa hesabu, hata akalichapisha mwaka 1619: kadiri sayari ilivyo mbali na Jua, ndivyo njia yake inavyozidi kuwa ndefu na ndivyo mwendo wenyewe unavyozidi kuwa wa polepole. Sababu yake ni kuwa mvuto wa Jua hupungua kwa umbali. Sayari ya karibu isipokwenda kasi itaangukia motoni. Ya mbali ikienda kasi kupita kiasi itapotea gizani.

Tena wimbo na uingie hapo kwa kuitikiana, kama desturi yetu ilivyo. Kila Dunia anapofika pale alipoanzia, aseme kwa sauti, "Mwaka!" na wote waitikie kwa hesabu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mshtarii anapofunga duara yake moja, Dunia atakuwa anakaribia kuita wa kumi na mbili. Hapo mwalimu aweza kuwauliza umri wao. Mtoto wa miaka 10 ya Dunia ameishi miaka 41 ya Utaridi, mzee mzima. Lakini hajatimiza hata mwaka mmoja wa Mshtarii. Watacheka, na katika kucheka kwao watakuwa wamefanya hesabu ya kugawanya pasipo kulazimishwa.

Na Neptuni je? Kwa mapigo hayo hayo, Neptuni angehitaji mapigo 5,274, yaani dakika 44 za kupiga ngoma bila kupumzika. Kipindi cha dakika 40 kingekwisha, kengele ingelia, na mtoto yule angali njiani. Twajua walimu watasema hilo haliwezekani, nasi twakubali. Lakini latosha kuliambia darasa. Neptuni ilipogunduliwa mwaka 1846 ilianza kuhesabiwa, na haikurudi pale ilipoonwa mara ya kwanza hadi mwaka 2011. Hakuna mtu aliyeiona ikianza akaiona ikimaliza. Yapo mambo katika ulimwengu yanayohitaji vizazi kupokezana, na hilo nalo ni fundisho.

Somo la tatu ni la kujizungusha. Mtoto mmoja asimame mbele ya ndimu, uso ukiielekea: hapo ni adhuhuri usoni pake. Ageuke taratibu kuelekea mkono wake wa kushoto. Ndimu itamtoroka upande wa kulia hata ipotee: jua limekuchwa. Aendelee, nayo itachomoza upande wa kushoto: kumekucha. Kisha aulizwe, "Ndimu ilisogea?" Hakuna mtoto atakayesema ndiyo. Wazee wengi waliosoma vitabuni kuwa Dunia huzunguka bado moyoni mwao wanaliona Jua likitembea. Mtoto huyu hatakuwa na moyo wa namna mbili.

Kisha aitwe mwenzake awe Mwezi. Mwezi amzunguke Dunia, huku amemkazia macho asigeuze uso hata kidogo, kama mchezaji anayemtunza bibi harusi. Akiisha zunguka mara moja, aulizwe: "Wewe umegeuka mara ngapi?" Atasema hakugeuka kabisa. Lakini waulizwe wale waliosimama nje ya duara: wao wameuona uso wake, wakaliona sikio, wakakiona kisogo, wakaliona sikio la pili, wakauona uso tena. Kumbe amegeuka mara moja kamili! Ndiyo maana sisi huku duniani twauona uso mmoja tu wa Mwezi miaka nenda miaka rudi. Jambo hili limewasumbua watu wazima wenye shahada. Mtoto wa darasa la nne hulimaliza kwa kuzunguka mara moja.

Kwa njia hiyo hiyo hufundishwa kupatwa kwa Jua. Septemba 1, mwaka 2016, watu wengi walikusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kuliona Jua likibaki kama pete ya moto angani. Kwa nini pete, wala si giza tupu? Mtoto afumbe jicho moja, auweke mkono mbele ya uso, auzibe uso wa mwenzake aliye mbali kwa kidole gumba. Kidole kikiwa karibu na jicho, uso wote hufichika. Akikisogeza mbali, ukingo wa uso huonekana pande zote. Siku ile Mwezi ulikuwa mbali kidogo na Dunia, haukutosha kulifunika Jua lote. Lakini mwalimu asisahau kuonya kila mara: Jua lenyewe halitazamwi kwa macho matupu, siku ya kupatwa wala siku nyingine yoyote. Ndimu tunayo kwa ajili hiyo.

Lipo jambo jingine linalowapoteza watu wa nchi zetu zilizo kusini ya ikweta. Dunia huwa karibu zaidi na Jua mapema Januari, na mbali zaidi mapema Julai. Nasi Januari twaona joto, Julai twaona baridi. Ni rahisi basi kusema, "Joto ni kwa sababu ya ukaribu." Lakini Januari hiyo hiyo Ulaya imefunikwa na theluji! Ngoma yatoa jibu. Mtoto aliye Dunia achague mti mmoja ulio mbali, aegemeze kichwa chake kuuelekea, na alizunguke Jua lote pasipo kuacha kuuelekea mti ule. Upande mmoja wa duara kichwa chake kitaielekea ndimu. Upande wa pili miguu ndiyo itakayoielekea. Dunia nayo imeinama hivyo, nyuzi 23 na nusu. Kuinama huko ndiko kunakoleta kipupwe na kiangazi, si ukaribu.

Wapiga ngoma nao wana somo lao peke yao. Mwaka 1610 Galileo Galilei aliielekeza darubini yake kwenye Mshtarii, akaona miezi minne. Mitatu kati ya hiyo, Io, Europa na Ganymede, ina mwendo wa ajabu: Ganymede anapozunguka mara moja, Europa huzunguka mara mbili na Io mara nne. Mpeni Ganymede vumi, Europa msondo, na Io chapuo. Vumi lipige moja, msondo upige mbili, chapuo kipige nne, na mtasikia ngoma ambayo mikono ya wapigaji wetu inaijua tangu zamani. Kukutana huko kwa mapigo si urembo tu. Kwa sababu miezi hiyo huvutana mahali pale pale kila mara, Io hukandwa na Mshtarii kama unga wa chapati, tumbo lake likawaka moto. Na chombo cha Voyager 1 kilipopita huko mwaka 1979 kilikuta volkeno zikiruka.

Watakuwapo wa kutupinga. Watasema, "Shule si kilabu cha ngoma, mtihani ni wa karatasi." Twawajibu ya kuwa mtihani huuliza ni sayari ipi iliyo kubwa, kwa nini kuna usiku na mchana, kwa nini Mwezi hupatwa. Mtoto aliyeyafanya hayo kwa mwili wake hatayasahau akishika kalamu. Wala njia hii haifuti kitabu. Yamfanya mtoto akitamani kitabu, kwa kuwa sasa ana maswali.

Wengine watasema ngoma ni mambo ya ushamba. Hilo tulidhani limekwisha. Wengi wa wazee wetu waliosomea misheni walifundishwa kuionea haya ngoma ya kwao, wakapewa dansi za wageni kama alama ya ustaarabu. Mwalimu Nyerere aliligusa jeraha hilo katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni na vijana, akiuliza ni wangapi wanaojua ngoma za nchi yao kama wanavyojua dansi za kizungu. Na katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka shule isimtenge mtoto na maisha ya watu wake. Twaona hakuna tafsiri nzuri ya maneno hayo kuliko chapuo la kijijini kufundisha sheria za sayari.

Wala wasidhani kwamba kuunganisha muziki na anga ni fikira za watu wasio na vyombo. Kepler mwenyewe, katika kitabu kile kile cha 1619, aliiandikia kila sayari noti zake, Zohali kwa sauti nzito na Utaridi kwa sauti nyembamba, kwa kufuata mwendo wao. Huko Geneva mwalimu wa muziki Émile Jaques-Dalcroze alionyesha, mwanzoni mwa karne ya 20, ya kuwa mapigo ya muziki hufahamika kwanza kwa mwili. Gustav Holst wa Uingereza, naye mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana, alitunga muziki wa sayari saba uliopigwa mara ya kwanza London mwaka 1918, na walimu wengi huutumia hadi leo. Huo ni muziki wa kuonja tabia walizopewa sayari na wanajimu. Wafaa kusikilizwa, lakini haupimi kitu. Ngoma tunayoisema sisi yapima.

Twataka kuwakumbuka pia watoto ambao ubao umewasahau kabisa. Mtoto kipofu hawezi kuiona picha ya mwalimu, lakini masikio yake yatasikia Utaridi akipita mara nne kabla Dunia hajapita mara moja. Anga limefunguka kwake. Mtaalamu wa anga Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico alipoteza uwezo wa kuona, akaendelea na utafiti wake kwa kuzigeuza habari za nyota ziwe sauti na kuzisikiliza. Na mtoto asiyeweza kutembea, huyo ndiye mpiga ngoma. Wote wanakwenda kwa amri ya mkono wake.

Walakini haki ya kweli lazima itunzwe. Mwalimu awaambie watoto pale ambapo mfano unakoma. Njia za sayari si duara kamili, zimerefuka kidogo. Mtoto ni mkubwa mno kuwa Dunia, kwani kwa kipimo cha uwanja wetu Dunia ni chembe ya mchanga. Wala sayari hazisikii mlio wowote huko ziliko, kwani hakuna hewa ya kuubeba. Mlio ni wetu, hesabu ndiyo yao. Wimbo unaopendeza na kusema uongo ni mbaya kuliko ubao mtupu, kwa sababu wimbo hausahauliki. Basi kila wimbo utakaotungwa na upimwe kwanza na mwalimu wa sayansi, neno kwa neno, kabla haujatiwa kinywani mwa mtoto.

Ndugu wasomaji, mambo haya hayangoji mkutano. Fundi seremala aliye mwanachama katika tawi lake aweza kuwachongea watoto ngoma tatu kwa mbao zilizobaki. Mfanyakazi wa bandarini au wa mashamba ya mkonge anajua kupata kamba na kuipiga mafundo. Mama anayeongoza lelemama ana sikio la kuyashika mapigo kuliko mwalimu yeyote wa chuo, naye aombwe aje shuleni, apewe heshima ya mwalimu. Na mwalimu aipokee kazi hii pasipo kuona haya, akijua ya kuwa hapunguzi sayansi ila aishusha mahali watoto wanapoweza kuifikia.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mfanyakazi akikua akiamini kwamba anga ni mali ya wenye darubini, ataamini hivyo hivyo juu ya mashine, juu ya dawa, na juu ya hesabu za kiwanda anachofanyia kazi. Atakuwa mtu wa kuagizwa siku zote. Lakini akiisha kuupima mfumo wa Jua kwa miguu yake uwanjani, amejua ya kuwa elimu haina mwenyewe. Jumamosi hii viwanja viko wazi, na ndimu ziko sokoni. Haya, na tuanze.